Pampu ya kuoshea kegi za bia ya nyumbani: tazameni lita kwa dakika, wati zitawapoteza

KimeaMoto (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Mada ya kuosha kegi (mitungi ya stenlesi ya kuwekea bia) ikiibuka, majibu huwa yale yale: tafuta ndoo, tumbukiza pampu, simamisha bomba lenye matundu, pindua kegi juu yake, washa, kaa pembeni. Mashine hiyo naipenda na ndiyo ninayoitumia. Ila naona wengi wanaijenga kwa kutazama ukubwa wa mota, kisha kegi inatoka bado inanuka bia ya zamani, na lawama zote zinaiangukia dawa ya kuoshea. Bia imekaa wiki kadhaa ikichachuka na kutulia, halafu inakwenda kuharibikia kwenye chombo cha mwisho. Inauma, na ndiyo maana nimeamua tulizungumze hili kwa kina.

Nazungumzia kegi za lita 19 zilizoundwa kwa ajili ya soda, zile za Cornelius: kifuniko kinachotoka kwa mkono, mdomo wa gesi wenye mrija mfupi, na mdomo wa bia wenye mrija mrefu unaoshuka mpaka kwenye kidimbwi cha chini.

Tuanze na kazi ya pampu yenyewe. Wengi wanaamini vile vimkondo vinavyotoka kwenye matundu vinakwangua uchafu kwa nguvu zake. Havina nguvu hiyo. Kimo cha maji cha mita 10 ni takriban baa 1 ya presha, kwa hiyo pampu ya ndoo yenye uwezo wa kupandisha maji mita 3 haifikishi hata theluthi moja ya baa. Kinachosafisha ni utando wa maji yenye dawa unaoteremka kwenye kuta za kegi bila kukatika, ukiwa na joto linalofaa, kwa muda wa kutosha. Mwaka 1959 mkemia Herbert Sinner wa kampuni ya Henkel alilipanga jambo hili katika sehemu nne: kemikali, joto, muda na nguvu ya msuguano. Ukipunguza moja, nyingine lazima ziongezeke. Sisi wenye pampu ndogo tumeshapunguza msuguano, basi hatuna ruhusa ya kubania dawa, joto na muda kwa pamoja.

Je, utando usiokatika unahitaji maji kiasi gani? Wanaofunga vichwa vya kunyunyizia kwenye matangi ya viwandani wana kanuni yao: kama lita 30 hadi 37 kwa dakika kwa kila mita ya mzingo wa tangi. Kegi yetu ina kipenyo cha sentimita 21.6 hivi, na mzingo wake unakaribia sentimita 68. Piga hesabu utapata lita 20 hadi 25 kwa dakika. Chini ya hapo maji hujitafutia vijia vyao ukutani, na katikati ya vijia hivyo kunabaki milia mikavu ambayo dawa haikuigusa kabisa.

Sasa shika boksi la pampu. Ile namba kubwa ya lita kwa saa ni pale pampu inapomwaga maji bila kuyapandisha popote. Namba ya kimo cha juu kabisa ni pale maji yanapofika huko na kusimama, hakuna hata tone linalotoka. Namba hizo mbili hazitokei kwa wakati mmoja. Kazi yetu iko katikati: maji yapande nusu mita hivi kutoka usawa wa maji ya ndoo, yapite kwenye kiwiko au viwili, kisha yabaki na nguvu ya kupita kwenye matundu. Tafuta ule mchoro wa mkunjo wa pampu, usome lita inazotoa kwenye kimo hicho. Kama mtengenezaji hakutoa mchoro, pima mwenyewe: funga bomba lako, simamisha kwa kimo utakachotumia, jaza ndoo ya ujazo unaoujua huku ukitazama saa.

Na matundu yana hesabu yake. Tundu la milimita 3 likisukumwa na kimo cha mita 1.5 kilichobaki juu ya bomba hupitisha kama lita 1.4 kwa dakika. Matundu 16 ya namna hiyo yanakupa lita 22 na ushee. Ukitoboa 40 kwa kudhani unaongeza usafi, presha inaporomoka na maji yanatiririka kando ya bomba badala ya kuruka. Jumla ya eneo la matundu ibaki ndogo kwa mbali kuliko eneo la ndani la bomba. Na mengi yaelekee juu, kwa sababu kegi imepinduliwa: ukilowesha kitako chake vizuri, maji hayana pa kwenda ila kushuka kwenye kuta zote. Matundu ya kando kando yawe machache.

Nakaribisha michango, hasa ya waliojenga kwa njia tofauti.

FundiMirija

Mtoa mada, nakuunga mkono, na niongezee palipokuwa pembe ya giza.

Ukuta wa kegi ndio sehemu rahisi kuliko zote. Ni laini, ni stenlesi, na ukiingiza tochi unauona. Uchafu unaoharibu bia hukaa kwenye mrija mrefu, kwenye zile vali ndogo za springi ndani ya midomo miwili, na chini ya oringi, yaani pete za mpira za kuzuia kuvuja. Bomba la katikati haligusi hata kimoja kati ya hivyo. Ndiyo maana mashine nzuri zina mipira miwili ya maji ya pembeni yenye viunganishi vya kubana, mmoja unaingia mdomo wa gesi na mwingine mdomo wa bia, ili dawa isukumwe ndani ya mirija yenyewe. Tena hapo kuna faida ambayo wengi hawaioni: kegi ikiwa imepinduliwa, ncha ya mrija mrefu inakuwa juu kabisa, imekielekea kile kidimbwi ambamo hamira na mabaki ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) yalikuwa yametulia. Maji yanayotoka kwenye ncha yanapiga palepale.

Tatizo ni kwamba maji hufuata njia nyepesi. Bomba la katikati lina matundu wazi, ile mipira ya pembeni ina vali ya springi ya kuisukuma. Ukiviacha vyote vimefunguliwa, karibu maji yote yanapita katikati na mirija inapata mchirizi tu. Weka koki kwenye bomba la katikati. Osha kuta kwanza, halafu ifunge koki ili pampu yote ihamie kwenye mirija kwa dakika kadhaa. Ukitaka kujua kama maji yanapita kweli, zima, chomoa kiunganishi kimoja, kielekeze ndani ya ndoo, washa tena na ubonyeze kipini chake huku pampu ikiwaka.

Pia suuza kegi kwa maji matupu na uyamwage kabla hujaiweka kwenye mashine. Hamira na majani ya hopsi yakiingia kwenye ndoo, pampu inayazungusha na kuyapeleka moja kwa moja kwenye matundu ya milimita 3. Mfuko wa kitambaa chenye matundu madogo kuizunguka pampu unasaidia, ila usiwe wa kubana sana, utainyima pampu maji.

Mpika_Jumapili

Naomba kuuliza wakuu, bila ubishi. Mimi najaza kegi maji ya moto na dawa, nalaza usiku mzima, asubuhi napindua kwa saa kadhaa, namwaga. Bia zangu ziko vizuri. Pampu inaniongezea nini?

KimeaMoto

Mpika_Jumapili, njia yako ni halali kabisa. Kwa zile sehemu nne za Sinner, umeweka muda mwingi sana mahali pa msuguano, na hesabu inakubali. Mwenye kegi moja au mbili, nisingemshauri ahangaike na pampu.

Tofauti inaonekana kegi zikiwa nyingi. Kwa kulaza unahitaji lita 19 za maji ya moto na dawa ya lita 19 kwa kila kegi, au uhamishe maji yale yale kutoka kegi hadi kegi huku yakipoa. Mashine inazungusha lita 5 au 6 tu, na dawa hiyo hiyo inaweza kupita kegi tatu au nne mfululizo ilimradi ulisuuza kila moja kwanza na maji bado yana joto. Maji machache ni rahisi pia kuyapasha upya. Na kuna mgongo: kubeba na kupindua kegi iliyojaa kilo 19 za maji ya moto ni hatari kwa miguu na kwa ngozi.

Jambo moja kuhusu kulaza: ukitumia dawa ya pakaboneti ya sodiamu, usifunge kegi ikakaza. Dawa hiyo inatoa oksijeni muda wote, na presha inapanda ndani. Acha vali ya kupunguza presha wazi. Hali kadhalika usihifadhi mabaki ya mchanganyiko kwenye chupa iliyofungwa. Baada ya saa chache nguvu yake ya oksijeni imeshaisha, hakuna cha kuhifadhi.

BintiKemia

Naona dawa zinatajwa kijumla. Naomba nizichambue, maana kwenye mashine ya pampu dawa isiyofaa inaharibu zaidi kuliko kwenye kulaza.

Uchafu wa bia ni wa aina mbili. Upo wa asili ya viumbe: protini, hamira, utomvu wa hopsi. Huu unaondolewa na dawa za upande wa alkali. Pakaboneti ya sodiamu ikiingia majini inagawanyika kuwa kaboneti ya sodiamu na haidrojeni peroksaidi, moja inalegeza mafuta na protini, nyingine inaivunja rangi na harufu. Gramu 5 hadi 10 kwa lita, maji ya nyuzi 50 hadi 60, dakika 15 hadi 20 za kuzungusha, inatosha kwa kegi isiyokaa muda mrefu na uchafu. Zile dawa maalumu za watengenezaji bia huwa na metasiliketi pia, ambayo inasaidia kunyanyua uchafu na kulinda metali.

Aina ya pili ni ukoga wa bia: kalisi oksaleti inayojijenga taratibu ikiwa na protini ndani yake, rangi ya kijivu au kahawia, inakwaruza ukiigusa kwa kidole. Alkali hata uizungushe siku nzima haiitoi yote. Inahitaji asidi, kama ya fosfori au ya limau, baada ya alkali na baada ya kusuuza. Maji yako yakiwa magumu utaona pia unga mweupe unaobaki baada ya pakaboneti, huo ni kalisi kaboneti, na asidi nyepesi inaufuta mara moja. Usichanganye alkali na asidi kwenye ndoo moja. Zitauana, ubaki na maji ya chumvi.

Sasa makatazo. Dawa za klorini msitumie kwenye stenlesi, hasa kwa kuzungusha na maji ya moto. Klorini na kloridi huutoboa ule utando wa kromi unaoilinda stenlesi, na vijitundu vinavyotokea havizibiki. Vinakuwa makao ya vijidudu. Sufu ya chuma pia hapana.

Kostiki, yaani sodiamu haidroksaidi, ina nguvu na viwandani wanaitumia, ila kwenye ndoo iliyo wazi na pampu inayorusha maji nyumbani naikataa. Tone moja jichoni ni msiba. Halafu inashambulia aluminiamu na kutoa haidrojeni, kwa hiyo pampu yenye sehemu za aluminiamu itaharibika. Zaidi ya hapo, kegi iliyotoka kutoa bia imejaa kaboni dayoksaidi. Kostiki inaimeza gesi hiyo na kugeuka kaboneti, dawa inapungua nguvu, na chombo kikiwa kimefungwa kunatokea utupu ndani. Matangi makubwa yamewahi kujikunja kwa sababu hiyo.

Hata kwa pakaboneti, vaeni glovu na miwani ya kinga. Pindueni kegi kwenye mashine kabla ya kuwasha pampu, na zimeni kabla ya kuinyanyua.

FundiMirija

BintiKemia, asante. Vipi kuhusu dawa ya kuua vijidudu kwenye pampu ile ile?

BintiKemia

Swali zuri. Dawa ya vijidudu iitwayo Star San imetengenezwa kwa asidi ya fosfori na kiambato kinachotoa povu jingi. Kipimo chake ni mililita 1.5 hivi kwa lita, na dakika 1 hadi 2 za kulowana zinatosha, haisuuzwi. Kwenye chupa ya kupulizia ni nzuri sana. Ukiipitisha kwenye matundu, povu linajaa kegi, linashuka, linajaa ndoo, linafurika sakafuni, na pampu inaanza kumeza povu badala ya maji. Pampu inayomeza povu haisukumi, na ile ya kuzama maji inaweza kupata joto kali maana maji ndiyo yanayoipoza.

Kwa mashine tafuteni ya povu dogo: Saniclean, au ayodofa (dawa yenye iodini) kwa kiwango cha 12.5 ppm, yaani sehemu 12.5 kwa milioni, kwa dakika 2 na maji baridi. Ayodofa itatia rangi mipira yenu, hilo halina madhara. Na kumbukeni dawa hizi haziui kinachojificha chini ya uchafu. Kegi isiyo safi haiwezi kuwa salama kwa kuongezewa dawa ya mwisho.

Waya_Salama

Nimesoma nyuzi 50 hadi 60, nikashtuka kidogo. Wakuu, tazameni kibandiko cha pampu kabla ya kumimina maji ya moto. Pampu nyingi za kuzama za bustani na za mabwawa ya samaki zimeandikwa mwisho nyuzi 35 au 40. Mota yake inapozwa na maji hayo hayo. Ukiizamisha kwenye nyuzi 60, sili zinalegea, maji yanaingia kwenye nyaya, na mikono yako iko palepale.

Kuna njia mbili za kweli. Ya kwanza, baki kwenye 35 hadi 40 kadiri kibandiko kinavyoruhusu na uongeze muda, hata mara mbili au tatu. Ya pili, tumia pampu ya nje inayozungushwa kwa sumaku, zile zinazotumika kuhamisha kimiminika cha bia kikiwa cha moto. Nyingi zinavumilia karibu na kiwango cha kuchemka. Hizo hazijivutii maji zenyewe, kwa hiyo ndoo iwe juu ya pampu, na zisiendeshwe kavu.

Kwa umeme: soketi iwe na swichi ya kukata umeme unapovuja ardhini, ya miliampea 30 au chini ya hapo. Waya uning'inie ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili maji yanayotambaa kwenye waya yadondoke hapo na yasifike kwenye plagi. Chomoa plagi kabla ya kuingiza mkono kwenye ndoo. Hili la mwisho naliomba kwa dhati, maana kila mtu akiona tundu limeziba mkono unatangulia.

Mpika_Jumapili

Nimeelewa, nashukuru. Nina kegi kubwa mbili za kiwandani nilizopewa, zile zenye mkuki mmoja katikati, yaani mrija wenye vali yake, badala ya midomo miwili. Naweza kuzipindua kwenye mashine hii?

FundiMirija

Ndugu yangu, hapo simama kwanza.

Kegi hizo kwa kawaida ni mali ya kiwanda kilichojaza bia, hata kama zimepita mikono mingi. Hakikisha aliyekupa alikuwa na haki ya kukupa. La pili ni mkuki. Unashikiliwa na pete ya springi, na kukiwa na presha ndani, ukiitoa pete unaruka kwa nguvu ya kuua. Kuna watu wamepoteza maisha kwa njia hiyo. Viwandani hawautoi mkuki kabisa: kegi inapinduliwa, kichwa cha mashine kinabana kwenye vali yake, maji na dawa vinapita kwenye mkuki ule ule. Mashine ya ndoo haikuundwa kwa kazi hiyo.

Na msijaribu kuharakisha kutoa maji kwa kompresa ya hewa. Mwaka 2012 huko Portsmouth, New Hampshire, Marekani, mfanyakazi wa kiwanda cha bia alifariki baada ya kegi ya plastiki kupasuka wakati ikisafishwa kwa hewa ya mgandamizo. Kwa kegi zetu za Cornelius nazo, vuta vali ya kupunguza presha mpaka sauti ya gesi iishe kabisa ndipo uguse kifuniko au spana iguse mdomo.

KimeaMoto

Michango mizuri mno. Nijibu maswali mawili yaliyonifikia kwa ujumbe wa pembeni.

La kwanza: nitajuaje kuwa kegi imesafika? Suuza kwa maji safi, ingiza tochi, tazama maji yanavyoshuka ukutani. Yakishuka kwa utando mmoja unaoteleza sawasawa, ukuta uko safi. Yakijikusanya matone matone au yakiacha visiwa vikavu, kuna mafuta au utando umebaki. Baada ya hapo nusa mdomo wa bia, sio kegi nzima. Harufu hujificha huko. Oringi zikishika harufu ya soda ya zamani hazioshiki, badilisha. Na hata kwa mashine yenye mipira ya pembeni, mimi huifungua midomo mara kwa mara, natoa vali, nachomoa mrija mrefu na kupitisha brashi nyembamba, zaidi sana kama bia ilikuwa na hopsi zilizotumbukizwa baridi. Pampu haitachomoa jani lililobana kwenye springi.

La pili: kegi ikishaoshwa naijaza bia moja kwa moja? Hapana, kwa sababu mashine imeijaza hewa. Kila kimkondo kilichorushwa mle kiliingia pamoja na oksijeni, na bia iliyokwisha kuchachuka haitaki oksijeni, hasa zile za hopsi nyingi ambazo rangi hukolea na harufu hufifia upesi. Kuvuta vali ya presha mara mbili tatu kunapunguza hewa, hakuiondoi. Njia ninayoiamini ni kuijaza kegi dawa ya vijidudu hadi juu kabisa, itikise ili mapovu ya hewa yaliyonasa chini ya kifuniko yatoke, kisha uisukume yote itoke kwa mdomo wa bia kwa kutumia kaboni dayoksaidi. Gesi inayotumika kwa kegi ya lita 19 kwa presha ndogo ni kama gramu 35. Dawa iliyotoka inaingia kegi inayofuata, kwa hiyo huipotezi. Hapa Star San inafaa tena, maana hairushwi, inajazwa taratibu kwa mpira unaofika chini.

Bia iingie kwa mdomo wa bia, kegi ikiwa imefungwa, gesi ikitokea mdomo wa gesi.

Mpika_Jumapili

Basi kegi za kiwandani nazirudisha. Hizi nne za Cornelius nitaanza na pampu ya nyuzi 40, koki kwenye bomba la katikati, matundu 16. Nikishapima lita kwa dakika nitaziweka hapa mzione kabla sijatoboa zaidi.

Waya_Salama

Weka na picha ya kibandiko cha pampu, mkuu. Na ya soketi.